Ofisi ya Wafula: vile tulivyogawana kompyuta na mtu ambaye kazini walimwogopa

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi. Majina nimebadilisha, lakini mambo yenyewe yalitokea hivi ninavyoyaandika, sijaongeza chumvi. Kama umeingia hapa kutafuta kicheko, pita tu, hatutakosana.

Ni miaka ya tisini, katikati kuelekea mwisho. Mimi kijana wa Mbotela, Nairobi, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, baba dereva, sisi watoto tunalala jikoni. Nilikuwa nimefanya kozi ya kompyuta mjini, nikabahatika kupata kazi ya kuingiza data kwa kituo fulani cha utafiti wa udongo na mbegu. Sitakitaja.

Hapo ndipo nilikutana na Linux, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa kuandika amri.

Waliozaliwa wakipata laptop nyumbani itabidi wanivumilie kidogo. Tulikuwa na chumba kimoja kirefu, kompyuta zimepangwa kando ya ukuta, na hakuna mtu aliyekuwa na yake. Faili za kila mtu zilikaa kwa mashine moja kubwa iliyofungiwa chumba chake. Ukifika asubuhi unakaa penye nafasi, unaandika jina na password, kazi yako inakufuata hapo. Kesho unakaa kwingine. Kibodi unayoachilia wewe, mwenzako anaishika ikiwa bado na joto la vidole vyako.

Hiyo ya kushika kibodi moja ndiyo ilileta maneno yote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Wafula. Mtu wa Bungoma, anaishi mtaa wa Huruma na mkewe Nekesa na kijana wao mdogo. Siku yangu ya kwanza nilikaa mbele ya skrini nyeusi iliyoandikwa "login" peke yake, nikawa naingoja tu kama mtu aliye kwa foleni ya benki.

Wafula akavuta kiti. "Mutua, hii kitu haikujui. Iambie jina lako."

Alicheka lakini hakunicheka. Kuna tofauti, na wenye wamewahi kuwa wageni kwa ofisi wanaijua.

Alinionyesha pia amri mbili ambazo nilizipenda kuliko zote. Moja ni "who". Unaandika hivyo, inakuonyesha majina ya wote walio kwa mtandao wakati huo. Ya pili ni "talk". Hiyo inagawanya skrini mara mbili, juu maneno yako, chini yale ya mwenzako, mnapiga stori kimya kimya huku mkubwa anadhani mnafanya kazi. Tulikuwa tunachat kabla watu wengi Nairobi hawajasikia hilo neno.

Tulienda hivyo muda. Kisha Wafula akaanza kukonda.

Kwanza tulisema ni kazi nyingi. Halafu kikohozi. Akalazwa, akatoka, akasema ni TB na ameanzishiwa dawa. Miguu nayo ikaanza kumuuma hadi viatu vikamshinda. Jumamosi moja nikamsindikiza soko la Kariokor, tukazunguka kwa mafundi mpaka tukapata akala za kumtosha, vile viatu vya tairi, laini kwa juu. Jumatatu akaja kazini na suruali ya kitambaa na akala. Watu wakaangaliana.

Wale wa miaka hiyo mnajua. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Ilisemwa tu, "Huyo amekanyaga waya." Ukisikia hivyo, basi, mtu ameshahesabiwa maiti.

Aliyeanza ni Patrick, alikuwa msaidizi wa utafiti, mtu wa digrii. Asubuhi moja alikuja na chupa ya spirit na pamba, akapangusa kibodi yote, kitufe kwa kitufe, kabla ya kukaa. Wafula alikuwa kiti cha pili kutoka hapo. Aliona. Sote tuliona.

Kesho yake pamba ilikuwa mezani, ya kila mtu.

Ajabu ni kwamba hao walikuwa watu wa sayansi, wakuu. Kwa lile jengo kulikuwa na darubini na vitabu vya biolojia hadi kwa korido.

Mimi niliendelea kukaa popote, hasa pale Wafula ametoka. Siyo kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimesoma karatasi moja kwa zahanati ya mtaa kwamba ile kitu haiambukizwi kwa kugusana, na nikaamua kuiamini. Lakini nikaona kikombe changu cha chai kimeanza kutengwa kando na vingine.

Kisha mkuu wa kitengo akaita mkutano. Wafula akiwa hapo hapo.

"Tumefikiria afya ya mwenzetu," akasema. "Hiki chumba kina watu wengi, hewa si nzuri. Tutamwekea mashine mahali pake, afanye kazi kwa utulivu."

Wafula akauliza, "Mahali gani, Daktari?"

"Huko nyuma. Patasafishwa."

Huko nyuma ilikuwa stoo ya magunia ya sampuli za udongo. Mtu anayekohoa, wanamweka na vumbi.

Nikasema, "Daktari, kule kuna vumbi sana."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mutua, nawe ungependa kuhamia huko?"

Nilinyamaza, kwa sababu Wafula alinigusa goti chini ya meza. Baadaye akaniambia, "Wacha. Nikifukuzwa, dawa nitanunua na nini? Hata stoo ina mshahara."

Wakapitisha kebo dirishani, wakabeba kompyuta moja ikaenda naye. Kibodi yake haikurudi tena kwa chumba chetu. Mtu akaibandika karatasi yenye jina lake, eti isichanganyike.

Tangu hapo kitu cha kwanza nilichofanya kila asubuhi ni kuandika "who". Nikiona jina lake, roho inatulia. Halafu nafungua talk.

"Niaje."

"Niko. Umekunywa chai?"

"Bado. Wewe?"

"Nekesa amenifungia uji. Nikiumaliza leo nitamwambia anipee zawadi."

Sasa, talk ya wakati huo ilikuwa inaonyesha herufi moja moja vile mtu anaandika. Hausubiri amalize. Kwa hivyo nilikuwa namwona akikohoa. Sentensi inasimama katikati ya neno, inakaa, inakaa. Mimi nimetoa macho kwa hicho kimstari kinachowaka na kuzima. Kisha herufi zinarudi polepole, anamalizia kama hakuna kitu kimetokea.

Saa ya lunch nilikuwa naenda kukaa naye juu ya gunia.

Kazi alifanya. Hakuna siku alichelewesha hesabu za mtu, na Patrick mwenyewe alikuwa anamtumia faili kutoka kwa kiti chake, zinarudi zimekamilika, anapiga chapa anapeleka. Faili hazikupanguswa na spirit.

Siku moja niliandika "who" na jina lake halikuwepo. Nikasema labda amechelewa. Nikaandika tena baada ya chai. Nikaandika mpaka jirani yangu akauliza kama mashine imeharibika.

Jioni nilienda Huruma. Nekesa akafungua mlango, akaniangalia tu, akarudi kukaa kitandani. Wafula alikuwa amefariki asubuhi hiyo akijaribu kuvaa shati la kazi.

Ofisi ilileta kadi. Mtu wa kuja matangani kutoka ofisini alikuwa mimi peke yangu. Ile kompyuta ilikaa stoo mpaka vumbi likaimaliza, kibodi ikachomwa kwa pipa la takataka nyuma ya jengo, na jina lake likaondolewa kwa mfumo ili kutengeneza nafasi. Sikumbuki kama kuna mtu alisema pole.

Jumamosi mchana tulikusanyika nyumbani kwake Huruma. Wazee walikuwa wametoka Bungoma pamoja na mamake. Nyumba ndogo, wengine kwa ngazi, wengine nje kwa korido. Watu wa kanisa wakaimba. Kisha Nekesa akasimama, mwembamba ndani ya leso, akanielekezea mkono.

"Huyu ni Mutua, walifanya kazi pamoja. Shemeji, hebu waambie wazee vile mume wangu alipandishwa cheo."

Nikageuka kumwangalia.

"Ile ofisi," akasema. "Vile alipewa ofisi yake mwenyewe na kompyuta yake. Alituambia, lakini mama hajasikia kutoka kwa mtu wa kazi."

Mamake Wafula aliinua uso. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mzima, kama mtoto anayengoja apewe kitu.

Nikaelewa kwamba Wafula alienda nyumbani siku ile ya mkutano akawaambia amepandishwa cheo.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa na ofisi yake. Sisi wengine tulikuwa tunagawana mashine, lakini yake ilikuwa yake peke yake. Na wakubwa walikuwa wanampelekea kazi huko huko."

Mamake akaanza kulia, lakini kulia kwingine. Mzee mmoja akasema, "Mmesikia? Kijana alikuwa mtu." Wakarudia kati yao kwa Kibukusu, na nikaona mabega ya yule mama yakishuka.

Nilipokuwa naondoka Nekesa alinisindikiza hadi chini ya ngazi. Nikaanza kumwambia pole, kwamba sikujua niseme nini.

Akanikatiza. "Shemeji, najua ilikuwa stoo."

Nikashika reli ya ngazi.

"Alisahau dawa siku moja, nikamfuata nazo. Askari wa geti akanionyesha huko nyuma. Nikamwona kwa dirisha, amekaa na magunia, anaandika. Anatabasamu na hiyo skrini." Akapangusa macho kwa leso. "Nikamwachia askari dawa, nikarudi. Sikumwambia. Jioni akaniambia ofisi yake ina dirisha zuri, nikamwambia nimefurahi."

Akasema, "Nilikuuliza mbele ya watu ili mamake aende nyumbani na kitu."

Kisha akapanda ngazi.

Nekesa alirudi ushago, kijijini Bungoma, na mtoto. Naye hakukaa sana, akamfuata Wafula. Kijana alilelewa na nyanya yake, na hapo ndipo habari zao zilinipotea.

Wakuu, somo nililotoa hapo si kubwa. Ugonjwa ulimuua Wafula, sawa, miaka hiyo uliua wengi. Lakini ile miezi ya mwisho alinyang'anywa na watu wazima, wenye akili, wakiongea kwa upole. Na wawili ndani ya chumba kimoja Huruma walifichana aibu ambayo haikuwa yao.

Kama ulikuwa kwa ofisi au kiwanda miaka hiyo, niambie kwenu ilikuwaje. Na kama wewe ndiwe ulikataa kukaa karibu na mtu, andika pia. Sitakutukana. Nataka tu kusikia.