Aliyelijua Gari Kabla Yangu

Nilipoolewa Ilomba, Mbeya, ile pikapu nyeupe niliikuta uani. Mume wangu aliinunua akiwa na mke wake wa kwanza. Walipoachana, mwanamke alichukua mashine yao ya kukoboa mpunga akahamia nayo Igawa, na yeye akabaki na gari. Hayo yote niliambiwa kabla ya ndoa na sikuyajali. Mtu hujawahi kumtia machoni, utamwonea wivu wa nini?

Nilimtia machoni mwaka jana, tukienda Iringa kwenye harusi ya mpwa wa mume wangu. Tulikuwa wawili tu, nyuma tumepakia masufuria ya shughuli na majamvi. Toka Mbeya gari lilikwenda vizuri. Tulipopita Chimala likaanza kukohoa, likakosa nguvu, likazima. Mume wangu akaliserereza pembeni, akapiga stata mpaka sauti ya betri ikaanza kulegea. Tukashuka, tukanywa chai ya kwenye chupa, na alipojaribu tena likawaka kama halikuwa na neno lolote. Tukaenda kipande, likazima tena. Tulifika Igawa kwa mtindo huo.

Fundi mmoja pale barabarani akasema ni koili ya kupeleka moto kwenye plagi, inachemka. Akafunga nyingine. Tukashukuru, tukaondoka, na hata nyumba za Igawa hazijaisha gari likazima.

Mume wangu akakaa na mikono juu ya usukani. Kisha akashuka, akaenda kusimama mbali kidogo na simu sikioni. Sikusikia maneno. Nilisikia akicheka, na alikuwa hajacheka tangu Chimala.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikamuuliza aliporudi.

"Na yule wa mashine," akasema, akiangalia tairi. "Hii gari anaijua. Akiiangalia tu tutaondoka."

"Kwani Igawa nzima imekosa mafundi?"

Nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikafunga mtandio upya.

Alikuja kwa bodaboda, kanga kiunoni, pumba za mpunga zimemshika nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mzuri au mbaya, hakuwa kimojawapo. Alikuwa mtu wa makamo aliyeitwa akiwa kazini. Na kwa kuwa alinizidi umri waziwazi, ilinibidi nimwamkie.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Poleni na jua."

Mume wangu alimsalimia baadaye, nao hawakupeana mikono. Hilo nililiona, likanituliza kwa muda mfupi sana.

Alifungua boneti bila kuuliza ndoano iko wapi. Ile ndoano ni mbovu, lazima uisukume kushoto kwanza. Mimi ilinichukua miezi kuizoea. Akauliza, "Inazima ghafla, au inakohoa kwanza?"

"Ghafla," mume wangu akasema.

"Inakohoa kwanza," nikasema mimi. "Inakosa nguvu, ndiyo inazima. Ikipumzika kidogo inawaka."

Akageuka kunitazama mimi, si yeye. "Mnapumzika kiasi gani?"

"Kama kunywa chai kikombe kimoja."

Akatoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia mume wangu apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu. "Moto upo," akasema. Kisha akachomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta na kuuelekeza kwenye kopo. Stata ikapigwa. Lilidondoka tone moja, basi. "Mafuta ndiyo hayaji. Mmebadilisha chujio?"

"Jipya," mume wangu akasema, akashuka kuja kusimama karibu naye.

Hapo ndipo nilipoumia. Yule dada alitaka kulifungua chujio alipulize. Hakuomba spana. Alinyoosha mkono nyuma tu, macho yakiwa kwenye injini, na mume wangu akamwekea spana namba kumi kiganjani. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kile kicheko cha kwenye simu ningeweza kukisamehe, lakini mkono ule na spana ile vilinichoma, maana mimi nyumbani nikiomba chumvi naletewa sukari.

Chujio lilikuwa safi. Akafikiri kidogo.

"Mfuniko wa tangi ni ule ule?"

"Ule ulipotea. Nilinunua mwingine."

"Mdogo wangu, hebu kaufungue."

Nikazunguka, nikauzungusha. Ulikuwa umebana, na ulipoachia, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, kama mtu aliyezuiwa pumzi. Mume wangu akapiga stata tena, na petroli ikaruka ndani ya kopo.

Akatueleza. Mfuniko wa zamani ulikuwa na katundu ka kupitisha hewa, huu hauna. Injini ikinywa petroli, tangi linabaki halina hewa, mafuta yanakataa kutoka. Tukisubiri, hewa inapenya polepole, ndiyo maana likipumzika linawaka. Akachana kipande cha tambara, akaufunga nacho mfuniko ukiwa umelegea.

"Na huyu akiambiwa ni koili anaamini," akaniambia. "Tangu zamani."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa napanga masufuria ambayo hayakuwa yamehama.

Mume wangu akamkaribisha harusini. Yule dada akasema ameacha mpunga wa watu mashineni, akapanda bodaboda yake, akaenda.

Gari lilipanda mpaka Makambako bila kukohoa. Karibu na Mafinga nikashindwa kunyamaza.

"Mliachana kwa nini?"

Alibadilisha gia kabla ya kujibu. "Nyumbani tulikuwa hatuongei. Tulikuwa tunaongea gari likiharibika."

Sijui kama alitaka nipoe. Sikupoa. Nilihesabu kichwani hitilafu zote ambazo gari bovu kama lile linaweza kuwa limepata katika ndoa nzima.

Asubuhi yake, Iringa, wenzangu wakipakwa hina, nilitoka kwenda maduka ya spea. Nilipuliza kila mfuniko kwa mdomo mbele ya muuzaji mpaka nikapata unaopitisha hewa. Na kabla hatujarudi Mbeya nilimwomba mume wangu namba ya yule dada. Alishangaa, akanipa.

Pikapu bado inagoma mara kwa mara. Ikigoma, nampigia mimi, namweleza inavyokohoa, naye ananiuliza maswali yake kwa upole. Mume wangu husimama pembeni akitaka kujua amesema nini. Namjibu ashike spana.