Joistiki ya Baba Mkwe

Baba mkwe alifika Mubi nyuma ya pikipiki, akiwa na mfuko wa maharage na kuku aliyefungwa miguu, siku ya nne tangu aondoke Kibabi. Ilikuwa mara ya tatu maishani mwake kukikimbia kijiji hicho kwa sababu ya vita. Mke wangu alimpokea kuku kwanza, halafu akampokea baba yake, halafu wote wawili wakalia kidogo. Mimi nikaenda kutafuta kiti.

Nina duka la kutengeneza simu pale Mubi, kando ya barabara ya malori. Mbele kuna meza ya kazi, nyuma kuna chumba cha betri za sola na kompyuta moja ya zamani. Mchana jua likiwaka na betri zikijaa, umeme unabaki bila kazi, basi mimi hucheza mchezo wa ndege za vita, zile za zamani zenye pangaboi puani. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini mtu wa Walikale, ambako vita haviishi, avitafute tena ndani ya kompyuta. Ndege nazipenda tangu utoto, na mchezo wa ndege zisizopigana sikuupata.

Joistiki niliitoa ndani ya gunia la mashine zilizokufa, lililovuka ziwa hadi Bweremana na kutoka pale likafika kwetu kwa lori. Ni ule mti wa rubani unaosimama juu ya meza: ukiuvuta, ukiusukuma, ukiulaza upande, ndege inafuata. Pembeni kuna kipini kidogo cha gazi, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Ilipofika ilikuwa inaipinda ndege kushoto yenyewe, kama mtu aliyetoka kunywa kasiksi. Niliifungua, nikasafisha ndani kwa spiriti, ikanyooka.

Sasa, baba mkwe hakuwa akizungumza nami. Hatukuwa na ugomvi wowote. Alilelewa kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na mbali yenyewe alikuwa ameibeba hadi kwangu, ndani ya vyumba viwili. Kama chumvi ilikuwa mbele yangu, alimwomba binti yake, binti yake aliniomba mimi, nami nilimpa binti yake. Mke wangu alifanya kazi hiyo kwa subira, pamoja na kazi zake nyingine.

Siku tatu mzee alikaa nyuma yangu juu ya sanduku la betri, akitazama kioo cha kompyuta. Siku ya nne mke wangu alikuja dukani na ujumbe.

"Papa anasema, anataka kushika ile kitu."

Nilimpisha. Aliushika mti kwa mkono wa kuume, na hapo nikakumbuka ambalo nilipaswa kulikumbuka mapema: mkono huo hauna kidole cha shahada wala cha kati. Vilikatwa na msumeno zamani, alipokuwa kijana akipasua mbao. Kwa jembe alishazoea. Lakini joistiki ile ilitengenezwa na watu walioamini kwamba kila mtu ana vidole vitano, na kifyatulio cha bunduki walikiweka mahali pale pale ambapo mzee hakuwa na kitu. Mkono uliteleza. Ndege ikaingia baharini.

Nilidhani hamu imekwisha. Yeye alimwomba binti yake kisu.

Alipata kipande cha libuyu, ile mbao nyekundu ya mafundi wa vitanda, akakaa mlangoni siku mbili akichonga. Alikishika, akakitazama, akakichonga tena, hadi kikawa kipini kipya cha joistiki, kinene upande wa kiganja na chembamba pale vidole viwili vya mwisho vinapozunguka. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Niliondoa kipini cha plastiki, nikatoboa mbao katikati ili waya zipite, nikavihamisha vitufe viwili hadi juu, ambapo kidole gumba kinafika. Halafu nikakivisha raba ya shambreri, ule mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ili kisiteleze kwa jasho. Katika kazi zote nilizofanya mwaka ule, hiyo ndiyo niliyoifanya vizuri zaidi, na ni mteja mmoja tu aliyeiona.

Ikabaki kazi ya ndani ya kompyuta. Mkono wake ulitetemeka, na mtetemo mdogo tu uliifanya ndege itikisike kama gari kwenye mashimo. Kwenye ukurasa wa mipangilio kuna mahali pa kuiambia kompyuta isijali mti ukisogea kidogo tu katikati. Nikapanua hapo. Kuna mahali pengine pa kuiambia ianze polepole na kuongeza nguvu mti ukifika mbali. Nikalainisha hapo pia. Kila nilipobadilisha kitu, mzee alijaribu na kutoa maoni kwa binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la mihogo.

"Papa anasema iko mugumu kushoto."

Nikarekebisha kushoto.

"Papa anasema sasa iko muzuri, lakini juu na chini umegeuza."

Sikuwa nimegeuza. Ndege ndivyo zilivyo: ukivuta mti kwako, pua inapanda, ukisukuma, inashuka. Mzee hakukubali. Alieleza, kwa njia ya binti yake, kwamba ng'ombe ukimvuta kamba kichwa kinashuka, na kwamba hajawahi kuona mnyama anayevutwa akaangalia juu. Mkwe habishani na baba mkwe. Kuna kisanduku kidogo cha kugeuza mwelekeo. Nikaweka alama, na kuanzia hapo ndege yake ikawa inafuata sheria za ng'ombe.

Kisha akauliza kitufe cha kwanza, kile kilicho karibu kabisa na kidole gumba, ni cha nini. Nikamwambia mke wangu kwamba ni cha kupiga risasi. Mzee akakiondoa kidole gumba pale.

"Papa anasema uweke kitu ingine."

"Kitu gani?"

Wakaongea Kihunde.

"Anasema, uweke taa."

Nikaweka taa. Ndege yake sasa ilikuwa ya vita, yenye bunduki nne kwenye mabawa, na mwenyewe aliweza tu kuwasha na kuzima taa. Nilitafuta jinsi ya kuwaondoa maadui kwenye mchezo ili aruke kwa amani, lakini mchezo ule hauanzi bila maadui. Nikamweleza. Akasema, kupitia kwa binti yake mlangoni, si kitu.

Nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Maadui walipotokea, mimi huwa nawafuata, napiga, napigwa, nakufa baada ya dakika tano. Yeye alishuka chini kabisa, karibu kugusa miti, akaingia katikati ya vilima na kuufuata mto. Hakwenda kwa haraka. Alijua kilima kipi kinaficha na bonde lipi halina njia ya kutokea, ingawa nchi ile ilichorwa na watu wa mbali na hatujui hata ni nchi gani. Maadui walizunguka juu, wakamtafuta, wakaenda. Hakuna siku waliyompata akiwa hewani. Sikumuuliza alijifunza wapi.

Shida yake ilikuwa kutua. Kila mara, mwishoni, ndege iligonga uwanja kwa pua. Ndipo akaja rubani.

Karibu na Mubi kuna kipande cha barabara ambapo ndege ndogo za mizigo hutua. Rubani wa mojawapo alizuiwa na mvua, akaniletea dukani simu ya kwanza ya siku ile, isiyopokea chaji. Nilipokuwa nikichokonoa tundu lake, akasikia mlio wa injini ya mchezo kule nyuma akaja kutazama. Mzee alipoambiwa ni nani, alisimama, akampisha kiti kwa mikono miwili.

Rubani akaketi, akashika kile kipini cha libuyu, akatabasamu. Aliongeza gazi, ndege ikakimbia, akavuta, ikajikita ardhini. Akajaribu tena. Ikajikita tena. Mara ya tatu aliacha mti akanigeukia.

"Nani njo aliregle hii kitu?"

Nikasema ni mimi niliyeirekebisha. Sikutaja ng'ombe. Mzee alimwita binti yake.

"Muulize, ukivuta, inapanda ao inashuka?"

"Inapanda, Papa," rubani akajibu mwenyewe, bila kungoja.

"Hata ile ya mizigo?"

"Hata ya mizigo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Rubani akautazama mkono wa mzee, akamwambia kwamba ndegeni mti haukamatwi kwa nguvu, mkono unalazwa juu ya goti na vidole vinaubembeleza tu. Hata yeye mwenyewe hutumia vitatu. Akamshika kiwiko, akakishusha. Kisha mvua ikakatika, akachukua simu yake akaenda.

Kesho yake asubuhi nililetewa ujumbe: nitoe ile alama. Nikaitoa.

Kujifunza upya kulikuwa kugumu kuliko kujifunza. Kichwa kilikwisha kubali lakini mkono bado ulikuwa wa Kibabi. Aliangusha ndege asubuhi na mchana, wiki nzima, bila kulalamika. Halafu ikafika siku mke wangu alipokwenda sokoni. Mzee alikuwa ameponyoka maadui, ameuona uwanja, ameshusha magurudumu. Ndege ilikuwa inashuka kwa kasi kupita kiasi. Akaangalia mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akaangalia tena kioo, na nyasi zilikuwa zinakua.

"Mukwe," akasema, "nivute ao nisukume?"

Nilichelewa kidogo kujibu, kwa sababu sikuwa nimezoea.

"Vuta, Papa. Polepole."

Akavuta polepole. Pua ikainuka, magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena, ndege ikakimbia hadi karibu na mwisho wa uwanja na kusimama. Alishusha gazi. Akazima taa. Nilikuwa nimemshika bega, na sijui nilimshika lini; nikauondoa mkono.

Maneno yakatokea katikati ya kioo, kwa Kifaransa, herufi nyekundu. Mchezo ulikuwa unasema kazi imeshindikana, hakuna adui aliyeangushwa, rubani arudie. Mzee hakusoma Kifaransa.

"Imeandika nini?"

"Imeandika, umefika."

Akaitikia. Mke wangu alikuwa amerudi na kikapu cha sombe, yale majani ya mihogo, amesimama nyuma yetu. Yeye alimaliza shule ya sekondari na anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Alikitazama kioo kwa muda, akaenda kutwanga sombe.

Tangu siku hiyo mzee aliomba chumvi moja kwa moja. Alipoomba mara ya kwanza, sote tuliacha kula.

Alikaa nasi mpaka majirani zake walipopiga simu kwamba wamerudi na wanapalilia. Mke wangu hakutaka aende. Alimwambia habari za majirani huwa zinabadilika kabla simu haijakatika, na kwamba hapa ana kitanda. Mzee alisema kitanda ni kizuri, lakini shamba likilala msimu mmoja zaidi litachukuliwa na majani, na kama si majani, na watu. Nilijaribu kumpa kile kipini cha libuyu aende nacho. Akauliza atakifanyia nini kule, hakuna kompyuta. Akapanda pikipiki.

Simu yake ya kwanza ilinijia mimi, nikiwa kazini. Alifika salama. Nyumba ilikuwa imebaki kuta tu, bati zilikuwa zimebebwa, lakini kuta zilikuwa nzima. Alikuwa amepanda maharage upande wa chini wa shamba. Upande wa juu ng'ombe wa watu walikuwa wamekula kila kitu. Nikamwambia pole. Kisha, kwa mazungumzo tu, akauliza kama Mubi mvua inanyesha.

Nikasema inanyesha.

"Basi ni vizuri," akasema, akakata.