Ubavu Mweusi wa Sultani

Maman Bibiane hakuwahi kutaka paka. Kule Uvira, Kongo, alikozaliwa, paka alikuwa mnyama wa jikoni tu: anakamata panya, anachapwa mwiko akisogelea sufuria, na usiku anajua mwenyewe pa kulala. Hata jina hana. Kwa hiyo binti yake Myriam alipopata kazi Kanada na kumwachia paka wa Kisiamu mwenye macho ya buluu kama moto wa gesi, akisema, "Maman, ni miezi mbili tu," Bibiane aliguna. Miezi miwili ikazaa mwaka. Mwenye nyumba wa Myriam kule Kanada hakutaka wanyama, na paka akabaki Brussels, mtaa wa Laeken, ghorofa ya nne, pamoja na jina lake la makuu: Sultani.

Na Sultani alikuwa msemaji. Si kulia nyau kidogo halafu basi, la. Paka wa Kisiamu ana sauti ya mtoto mchanga aliyenyimwa titi, na haoni haya kuitumia. Bibiane akirudi kazini alikuwa anamsikia tangu akiwa kwenye lifti. "Niko nakuya, baba! Niko nakuya!" anajibu kabla hajatoa ufunguo. Kisha wawili hao wanapeana habari za siku. Bibiane anamwambia nani amekataa supu leo kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwauguza, nani amemlilia mama yake aliyekufa zamani, na Sultani anajibu kila sentensi, mara nyingine hata haingoji iishe. Tangu mume wake afariki na Myriam aondoke, hapakuwa na mtu wa kumkatiza maneno nyumbani mle. Nani angejua kwamba mtu anaweza kutamani hata kukatizwa?

Wageni wake walikuwa wa Jumamosi alasiri: kikundi cha maombi, wanawake watano chini ya Maman Marie-Jeanne, mshonaji kutoka Lubumbashi, mwanamke mwenye kifua kipana na amri nyingi. Kikundi hicho ndicho kilichompokea Bibiane aliposhuka kituo cha treni cha Gare du Midi na mtoto mgongoni, hajui aende kulia au kushoto. Ndicho kilichokesha naye siku za msiba. Mjini Brussels mtu anaweza kukosa koti akaishi. Akikosa watu kama hao, sijui ataishije.

Sasa, kwa kuwa Bibiane alishampenda yule paka, alimlisha kama mgeni wa heshima. Asubuhi maziwa ya unga, ya vuguvugu. Jioni sambaza, dagaa wakavu wa chumvi kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo, wale wale aliowapenda yeye mwenyewe utotoni. Bakuli la maji lilikaa pembeni likikusanya vumbi. Mtu ana maziwa, maji anywe ya nini?

Mvua za Novemba zilipoanza, Sultani akawa anaingia na kutoka kwenye sanduku lake la mchanga. Anachuchumaa, analia, anatoka. Anarudi tena. Mchanga mkavu. Bibiane akampigia simu Maman Marie-Jeanne.

"Amefunga choo," Marie-Jeanne aliamua papo hapo. "Mupatie mawese, kijiko moja. Itateremuka."

"Na kama haiteremuke?"

"Maman Bibi, paka iko na roho saba! Ata akipoteza moja, anabakia na sita. Weye na miye njo tuko na moja moja."

Wakacheka. Sultani akalambishwa mawese, akabaki na ndevu za rangi ya chungwa, na Bibiane akalala moyo ukiwa umetulia.

Asubuhi hakuna aliyemwita. Alimkuta Sultani amejikunja chini ya radieta ya kupashia nyumba joto, macho nusu wazi, tumbo gumu. Bibiane hakuvaa hata kitambaa cha kichwa. Alimtia ndani ya kile kigari cha kitambaa anachokokota kwenda nacho sokoni, akapanda tramu, na watu wote ndani ya tramu wakamwangalia mwanamke anayekiimbia kigari tenzi za rohoni.

Daktari wa wanyama, dada mwembamba mwenye miwani, alipapasa tumbo mara moja tu. "Hajakojoa tangu lini?"

"Kukojoa? Mimi nilifikiri ni choo."

"Wengi hufikiri hivyo. Kibofu kimejaa, njia imeziba. Paka dume hupatwa sana na hili. Ungengoja hadi jioni, ungempoteza. Lazima tumwekee sonde, mpira wa kutolea mkojo, sasa hivi."

Bibiane akatafuta kiti. Sonde! Yeye ambaye kila siku anabadilisha mifuko ya sonde za wazee. Babu yeyote wa kazini kwake akikaa muda bila kukojoa, Bibiane ndiye wa kwanza kumkimbilia muuguzi. Lakini huyu alikuwa paka, na yeye alikuwa amefundishwa kwamba paka hujitibu mwenyewe.

Sultani alirudi nyumbani baadaye akiwa mzima, amenyolewa tumbo lote hadi ubavu mmoja ili mashine ya picha iweze kuona ndani. Daktari alisema chakula cha majimaji, maji safi mengi, na sambaza wa chumvi basi. Maziwa nayo basi, maana paka wengi wakishakua matumbo yao hayayawezi, hata kama wanayalamba kwa furaha. Ndani ya tramu Bibiane alifungua zipu ya kigari kidogo, akaingiza vidole.

"Ulikuwa unaniambia," alimnong'oneza. "Kila mara ulikuwa unaniambia."

Nywele zikaanza kuota. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sultani mwili wake ni rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo; masikio, uso, miguu na mkia ndivyo vyeusi. Lakini pale aliponyolewa ubavuni, nywele zilitoka nyeusi. Nyeusi ti, kama masizi, kiraka kikubwa kama kiganja kilichofunguliwa. Aliyekiona kwanza ni Maman Mignonne, mdogo wa kikundi, katikati ya wimbo.

"Maman Bibi. Hapo si palikuwaka mweupe?"

"Palikuwa, eeh. Walimunyoa."

"Donc kitu yenye ilikuwa mweupe, wanaikata, inarudia mweusi?" Akatoa simu yake. "Na ile foto nilipiga siku ingine, muone macho. Muone! Mchana ni bleu, kwa foto ni nyekundu kama damu."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Wimbo haukumaliziwa. Sultani, aliyezoea kuitikia nyimbo, alitoa mlio mmoja mrefu ndani ya kimya kile, na mlio huo haukumsaidia hata kidogo.

Maman Marie-Jeanne alikunja miwani yake. "Miye siseme ni kitu. Niko nasema tu, Jumamosi ingine tuombe kwa mutu mwingine kwanza."

Jumamosi nyingine ikafika, na hakuna aliyempigia Bibiane kumwambia ni kwa nani. Alikaa na simu mapajani, amevaa tayari, mpaka giza la mapema la Desemba likaingia.

Alirudi kwa daktari, safari hii peke yake, akauliza waziwazi: paka wangu ana nini? Na jibu alilopewa ni la ajabu kuliko uchawi wowote. Kitoto cha Kisiamu huzaliwa cheupe chote, kwa sababu tumboni mwa mama yake ni joto. Rangi nyeusi kwenye damu yao haiamki ila penye ubaridi. Kwa hiyo akishatoka duniani, zile sehemu zinazopoa upesi, ncha za masikio, pua, miguu, mkia, ndizo zinazotiwa weusi. Hebu fikiria! Mnyama anayetembea na ramani ya baridi mwilini mwake. Ubavu wa Sultani ulibaki uchi msimu wa baridi, ndani ya nyumba ambayo Bibiane, kama watu wote wenye akili, huzima radieta akienda kazini. Nywele zikaota kwenye ngozi baridi, zikatoka nyeusi. Siku atakapobadilisha manyoya, zitarudi kama zamani. Na yale macho mekundu kwenye picha? Ndivyo macho ya buluu ya Kisiamu yanavyorudisha mwanga.

Bibiane alimpigia Marie-Jeanne akiwa bado kwenye ngazi za daktari.

"Baridi?" Marie-Jeanne alirudia.

"Baridi, Maman."

"Baridi njo inageuza rangi."

"Kwa paka ya aina hii, eeh."

"Bon. Miye niko mu baridi ya Brussels miaka yote hii, na rangi yangu iko pale pale. Ulale salama, Maman Bibi."

Basi akaamua kutongoja manyoya yabadilike. Kwenye kabati alikuwa na kipande cha kitenge cha kikundi, chenye njiwa weupe, kilichobaki walipojishonea nguo za sikukuu. Akakikata, akakitia sufi ndani, akashona koti la paka. Joto litafanya nywele zinazoendelea kuota zitoke nyeupe, alijiambia. Na alijiambia kwa sauti ndogo zaidi: hata zisipotoka nyeupe, njiwa watafunika. Akawatumia wanawake ujumbe wa sauti: Jumamosi mukuye, nitapika sombe. Mboga hiyo ya majani ya muhogo hakuna kati yao aliyewahi kuikataa.

Sultani alipovalishwa alianguka ubavu kama gogo. Akainuka, akatembea kinyumenyume hadi ukutani, akaanguka tena. Bibiane alicheka hadi machozi, akampigia Myriam video. "Maman, anakuwa beau, muzuri kabisa!" Myriam akajibu, naye akicheka.

Siku iliyofuata Bibiane alipanda lifti na hakusikia kitu. Akafungua mlango. Sultani alikuwa amelala pale pale alipomwacha, bapa, kidevu sakafuni, chakula chake hakijaguswa. Alimwangalia tu.

"Habari ya leo, baba? Papa wa chumba ya mwisho alikula yote. Ata dessert." Kimya. "Sultani?" Kimya.

Kazini kwake wanaopiga kelele hawamtishi. Mzee anayetukana ana nguvu bado. Yule anayenyamaza ghafla ndiye unayeacha kila kitu ukamfuata, kwa sababu kuna kitu umemfanyia, au kuna kitu umeshindwa kumfanyia. Bibiane alipiga magoti bila hata kuvua koti lake la baridi, akachukua mkasi, akafungua mishono ya kikoti cha paka mmoja mmoja, mkono mwingine ukiwa juu ya ule moyo mdogo uliokuwa unakimbia.

Sultani alijikung'uta. Akaulamba ubavu wake mweusi polepole, nywele baada ya nywele, kana kwamba hakuna kitu kizuri zaidi mwilini mwake. Akala. Kisha akaja mbele ya Bibiane, akakaa, akaanza kumsema. Alimsema kwa kirefu.

"Tukana, baba," Bibiane alimwambia, akijifuta pua. "Tukana. Niko nasikia."

Kisha akatuma ujumbe mwingine kwa kikundi, mfupi. "Jumamosi niko nyumbani. Sombe iko. Sultani pia iko, na ubavu yake. Mwenye kukuya, akuye."

Alipanga viti vyote. Alijua anaweza kuvipanga na kuvipangua mwenyewe, na kwamba akishavipangua siku hiyo, hatavipanga tena.

Jumamosi ilipofika alibisha hodi mtu mmoja tu. Maman Marie-Jeanne, peke yake, amekwea ngazi kwa sababu lifti imeharibika, hana pumzi hata ya kusalimia. Alisimama mlangoni. Sultani akamfuata na kumpigia kelele, ubavu ule mweusi ukimwelekea kama mlango wazi. Marie-Jeanne akamzunguka kwa mbali, akaona kitambaa cha njiwa mezani.

"Hii haiko kitenge yetu?"

"Njo yenyewe."

"Ulikata kitenge ya kikundi, ukavalisha paka?"

"Nilimuvalisha. Alikataa. Alinyamaza siku muzima, Maman Marie-Jeanne. Nilikuwa namuficha ju ya kuwaogopa ninyi, njo nikaona haya." Bibiane alikuwa amesimama wima. "Siwezi tena kumuficha."

Marie-Jeanne aliinua kikoti kile, akakigeuza nje ndani, akavuta tundu la mguu kwa kidole. "Ata miye ningenyamaza," alisema hatimaye. "Muone makwapa. Ulikata kama gunia ya makaa."

Akakaa. Akamtazama yule paka muda mrefu. Kisha akakunja mkono wa nguo yake hadi juu ya kiwiko, pale ambapo Bibiane hajawahi kupaona miaka yote ile. Kulikuwa na kovu pana, jekundu jekundu, lenye umbo la pasi.

"Lubumbashi. Pasi ya makaa. Ngozi ilirudia na rangi ingine. Mama-mukwe yangu alisema ni alama, eti nilitoka nayo kwa giza. Hakukula tena chakula ya mikono yangu, mpaka alikufa." Akateremsha nguo. "Na miye nikakuya kusema *tuombe kwa mutu mwingine*. Miye mwenyewe."

Bibiane akatoa sahani kabatini. Akaenda kupakua sombe.

Akiwa jikoni alimsikia Marie-Jeanne kwenye simu, sauti ya amri imesharudi mahali pake. "Alo? Mukuye. Eeh, niko pale. Eeh, iko mweusi. Na miye niko mweusi, alors? Mignonne, kama unaogopa baki, tutakuombea toka huku." Baadaye walikuja watatu. Mignonne hakuja, na hajarudi mpaka leo. Bibiane bado humwachia kiti.

Kabla hawajafika, Bibiane aliporudi na sahani alikuta Maman Marie-Jeanne amekaa wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mikono yake miwili imeinuliwa hewani. Mapajani mwake Sultani alikuwa akijizungusha, akitafuta pa kulala, akieleza kila hatua kwa sauti.

"Maman Bibi!" Marie-Jeanne alinong'ona, macho yamemtoka. "Mikono naweka wapi?"

"Acha tu, Maman. Yeye atakuonesha."