Mti wa Aprikoti Uliolala Sebuleni

Juzi nilikuwa Auburn, mtaa wa jiji letu huku ughaibuni, kwenye duka la nyama halali na matunda makavu, nabishana na muuzaji. Alitaka kunipimia aprikoti pamoja na mfuko wake. Nikamwambia aupime mfuko peke yake kwanza. Akanipa moja nionje, ninyamaze. Ladha yake ikanikumbusha mti wa Bibi, ndiyo maana leo nakuandikia.

Miaka ile ya korona tulikaa Macquarie Fields, pembezoni mwa jiji hilohilo, nami nina miaka kumi na miwili. Bibi alikuja kutoka Tanga kututembelea kwa miezi mitatu. Nilizihesabu siku zake kwenye kalenda, tisini na moja. Nikarudia, tisini na moja. Kisha mipaka ikafungwa, hesabu yangu ikakosa kazi. Ukiniuliza, nilifurahi. Wazazi wangu walikuwa watu wa zamu. Bibi alikuwa wa kutwa.

Nje ya nyumba alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, mzee wa upande wa pili wa uzio, mzaliwa wa nchi ya milima na theluji. Kiswahili hakujua, na Kiingereza cha Bibi kiliishia kwenye tenkyu. Mkalimani nilikuwa mimi. Biashara yao ya kwanza ilikuwa maandazi kwa mche wa aprikoti aliouotesha mzee kwenye ndoo. Bibi alitoa kumi na mawili, mzee akataka ishirini, wakakutana kwenye kumi na sita. Mawili niliyala njiani, ada ya dalali.

Bibi aliupokea mche kama anayepokea mtoto. Akasema kwa utani, "Mimi siondoki nchi hii mpaka nile tunda la mti wangu." Wengine walicheka. Mimi niliuchukua kama mkataba.

Kisha mzee akaniambia, "Mwambie bibi yako, huu ni mti wa baridi. Aupande ardhini, auache nje upigwe na baridi mpaka uchoke. Usipoonja baridi, hautoi ua."

"Anasemaje, mume wangu?" Bibi akauliza. Mabibi zetu ndivyo wanavyotuita wajukuu wa kiume.

"Anasema uangalie usishikwe na baridi."

Aliamini mara moja. Mtu wa Tanga humwambii mara mbili kuhusu ubaya wa baridi. Majira ya baridi yalipofika, mti na ndoo yake vikaingia sebuleni, kando ya hita, shina limefungwa kanga. Chumba kilinuka chai ya tangawizi na udongo mbichi. Mama akalalamika, "Huyu mgeni hachangii hata umeme."

"Mwache," Bibi akajibu, "ametoka mbali. Na anakula kidogo kuliko mwanao."

Machipuko yalipoingia, majani yalitoka mengi. Maua nilihesabu, sifuri. Nikarudia, sifuri. Mzee aliuliza ng'ambo ya uzio kama mti ulilala nje. Nikajibu kwa niaba ya Bibi kwamba ulilala. Akatikisa kichwa, akadhani ameharibu mwenyewe wakati wa kuuotesha, kesho yake akaleta mfuko wa mbolea kuomba radhi.

Mwaka uliofuata tukafanya vilevile. Katikati ya baridi hiyo mdogo wake Bibi alifariki Tanga, wakamzika huku Bibi akitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye ndoo ya mti. Mimi nakumbuka kwamba chaji ilikuwa asilimia kumi na moja. Zaidi ya hapo sikumbuki nilihisi nini. Baada ya siku hiyo hakuulizia tunda tena mpaka anaondoka.

Mipaka ilipofunguliwa akafunga mizigo. Nikamwambia, "Bibi, hujala tunda bado."

"Mti ni mti, mume wangu. Kule kuna watu."

Alipoondoka, Mama akadai sebule yake. Baba akachimba shimo karibu na kamba ya nguo, tukaupanda. Ukasimama nje majira yote ya baridi, asubuhi nyingine sakitu imetanda nyeupe kwenye nyasi. Mwisho wa Agosti, baridi ya huku inapoisha, ukatoa maua arobaini na moja. Yakabaki matunda tisa. Nilikuwa nakula la kwanza, limepasuka kwa utamu, Bibi alipopiga simu.

"Mti wetu umezaa?"

Nikameza. "Bado, Bibi."

"Basi usiukate. Nitakuja kuuona."

Nilidhani ile "bado" yangu itamrudisha. Nyumba ile tulishairudisha kwa mwenye nyumba, mzee alihamia kwa mwanawe, na uani nasikia pamemwagwa zege la kuegeshea magari. Bibi hakuja. Mpaka anazikwa Tanga alijua mti wake haujazaa, na aliyemwambia hivyo ni mimi.