Jani la Isale na Kadi ya Pili

Mimi sitetei mbwembwe. Nimetazama mpira kwenye viwanja vya vumbi kuanzia Tunduma hadi Tarime, kila nilikopata kibarua, na nimechoka na vijana wanaofunga goli moja kisha wanavua jezi na kuwaonyesha mashabiki wa wenzao kidole mdomoni wanyamaze. Zamani, tulipocheza sisi, mfungaji alinyoosha mkono akarudi katikati. Anayedhihaki wenzake apewe kadi. Lakini refa ajue kwanza anaadhibu nini.

Msimu uliopita, kwenye uwanja wetu juu ya Sekei, mpwa wangu aligongana na kipa wa mtaa wa jirani, kipa akavunjika mkono. Mpira ukaingia. Mpwa wangu akacheza mitindo yake yote pembeni ya mtu anayelia chini. Refa wa siku ile alipuliza goli, basi. Yule kipa alikuwa akivuna maua kwenye shamba moja kule Usa River. Mpaka mkono unapona, nafasi yake shambani ilikuwa na mtu mwingine. Yeye na mpwa wangu wakaacha kusalimiana.

Mwaka huu nilirudi kwa dada yangu, nikamkuta kijana ametulia.

"Mjomba, nitamwomba msamaha," aliniambia. "Lakini mbele za watu, maana ndiko nilikomdhalilisha."

Timu zikakutana tena. Mpwa wangu alikuwa tayari na kadi ya njano, kwa kuvuta jezi. Akafunga kwa kichwa. Hakucheza. Alikimbia hadi kwenye uzio nyuma ya goli, akachuma jani la isale, akalishika kwa mikono miwili, akamwendea kipa taratibu. Kwetu mlimani hata mtoto anajua: ukimkosea mtu unampelekea isale, na akilipokea, ugomvi umekwisha. Kipa alikuwa ameanza kuvua glovu alipokee.

Refa, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, aliona mfungaji anamfuata kipa na kitu mkononi. Akampokonya lile jani, akalitupa, akatoa njano ya pili, kisha nyekundu.

"We refa, anaomba radhi huyo!" mama mmoja alipiga kelele. "Hiyo kadi kampe aliyekufundisha kazi!"

Baada ya mechi nilimfuata.

"Shikamoo, mzee wangu," akaniwahi.

"Marahaba. Umefanya nini leo?"

"Kanuni, mzee. Kumfuata mpinzani baada ya goli ni uchokozi."

"Uliuliza?"

"Refa haulizi, mzee. Refa anaona."

Anaona! Mshika kibendera wake, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Kumuuliza kungempotezea nusu dakika.

Nikamwendea kipa, nikamsihi ahesabu kwamba amepokea.

"Mimi sijapokea kitu, mzee," alisema. "Aliyelichukua ni refa. Wasameheane wao." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka.

Mpwa wangu naye alikuwa anavua viatu kwa hasira. "Nimeomba mbele za watu wote, nikatolewa kama mwizi. Sirudii, mjomba."

Refa akapanda bodaboda akashuka mjini na taarifa yake safi. Jumapili iliyofuata, kanisani, wakati wa kutakiana amani, mpwa wangu na kipa walimpa mkono kila mtu wa benchi lao, wakarukana wao kwa wao.