Godoro la Mwalimu Juu ya Baiskeli

Asubuhi ile niliondoka Kasongo bila kujua ninakokwenda. Nilinunua karanga sokoni, nikafuata njia ya Kabambare kwa sababu tu upande huo matope yalikuwa machache. Niliacha masomo nikiwa darasa la tano, na tangu hapo njia ndiyo inayonifundisha.

Nje ya mji nilimkuta bwana mmoja akisukuma baiskeli. Juu yake kulikuwa na godoro lililoyumba kama mlevi. Nikamsaidia kusukuma, nikamuuliza anauza nini.

"Miye mwalimu," akasema. "Natafuta pa kulaza hii matela."

Kumbe kule alikotoka alikuwa akilala darasani. Kila alfajiri alikunja godoro kabla wanafunzi hawajafika. Siku moja alichelewa kuamka, watoto wakasimama wote, "Bonjour, mwalimu!" naye yumo ndani ya shuka. Tulicheka mpaka baiskeli ikaanguka. Halafu akakaza uso.

"Hata mbuzi ana banda lake. Huko nilikopangiwa, wakinionyesha darasa tena, sifungui kamba ya godoro. Naendelea mpaka Salamabila kuchimba dhahabu."

Nilimwamini. Salamabila nilishawaona walimu wenye koleo mkononi, wakisahihisha Kifaransa cha wenzao shimoni.

Tulipokaribia kijiji alikopangiwa, kandambili yake ikakatika. Akaketi kuifunga, mimi nikatangulia na baiskeli. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga muhogo akatupa mchi wake.

"Mwalimu amefika!"

Vigelegele vikapigwa. Nikapewa kiti, nikaletewa ndizi. Katika njia zetu, anayefika na godoro juu ya baiskeli ni mwalimu, hakuna anayeuliza zaidi.

"Hapana, mama, miye hata sertifika ya shule sina!"

"Sikieni, iko mpole pia!"

Ndipo mwalimu akatokea akichechemea. Nikamwonyesha kwa kidole, mdomo wangu ukiwa umejaa.

"Basi wewe umekula ndizi za nani?" mama akauliza. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Mama huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati ya wazazi. Alituongoza hadi shuleni, na mwalimu alipoona darasa mbele yake akashika kamba ya godoro kwa nguvu. Lakini mama hakusimama. Alizunguka nyuma, na pale palikuwa na nyumba mpya ya vyumba viwili. Moshi ulitoka mlangoni, maana walikuwa wamewasha moto ndani ili kuta zikauke.

"Ni salongo, kazi ya pamoja ya wazazi wote," alisema, "wa kanisa na wa msikiti. Mwalimu aliyepita alinyeshewa darasani, akatukimbia."

Mwalimu akagusa udongo mbichi. "Na paa la darasa?"

"Salongo ya kesho, papa. Majani tumeshakata."

"Na watoto wasilime shamba langu saa za masomo."

Mama akashangaa. Kwao, shamba la mwalimu lililimwa na wanafunzi tangu zamani. "Sasa nani atakulimia?"

"Nina mikono. Mukipenda kunisaidia, mulime nyinyi wazazi."

Wazazi wakatazamana. Mama akatikisa kichwa, akacheka. "Ee! Huyu ni mwalimu kweli, ameanza na sisi wakubwa. Sawa, tutalima."

Mwalimu akainama, akafungua kamba.

Kelele zilipotulia, nikauliza: na mpita njia kama mimi, atalala wapi?

"Chumba cha pili kiko wazi," akasema mwalimu.

"Lakini mwenye kula ndizi za mwalimu," mama akaongeza, "kesho anapanda juu ya paa la darasa."

Nikaingiza mfuko wangu ndani.