Gari Lililokunywa Maji

Juzi fundi mmoja wa Makambako alifungua chujio la hewa la gari langu, na ile harufu ya karatasi mbichi, tope na oili ikanirudisha utotoni.

Nilikuwa msichana mdogo siku tuliyompeleka bibi misheni ya Uwemba kumzika. Baba aliendesha pikapu, mimi nikakaa katikati yake na shangazi, nimeshika msalaba. Nyuma kulikuwa na jeneza na baba zangu wadogo. Mto ulikuwa umefurika na kufunika daraja. Baba aliingia polepole, lakini maji yalipanda hadi kwenye taa, injini ikakohoa na kuzima.

"Washa tena, kaka," shangazi alisema.

Baba alishuka majini, akafungua boneti na kulitoa chujio. Lilichuruzika kama tambara la kudekia.

"Injini imekunywa maji," alisema. "Nikipiga stata sasa, naivunja."

Shangazi alitazama mawingu, kisha jeneza.

"Mama alikwenda Uwemba kwa miguu maisha yake yote. Tumpeleke hivyo hivyo."

Baba na wadogo zake wakalishusha jeneza, wakalibeba mabegani na kuvuka nalo mto. Wanawake waliokuwa wakipalilia viazi kando ya barabara waliweka majembe chini, wakatufuata bila kuuliza marehemu ni nani. Baba alishika upande wa mbele, suruali ikimganda miguuni. Tulipoanza kupanda mlima wa misheni, alilia kwa sauti. Baba mdogo mmoja alitaka kumpokea, akakataa kwa kichwa, na akambeba mama yake hadi kaburini.